Mbele, Tosha Mbili

Mke wangu aliulizwa na jamaa zake wa Eldoret mumewe hufanya nini siku za Jumapili, naye akajibu kwenye simu bila kufikiri, "Anaenda kuvuta." Wiki iliyofuata mama mkwe akataka kuongea nami mwenyewe, akaniuliza kwa upole wa kutisha kama navuta sigara tu au kuna na kitu kingine. Ilinibidi nimweleze, kadi ya simu ikielekea kuisha, kwamba Uingereza kuna watu wazima wanaofunga trekta kwenye tela zito ili waone itafika wapi kabla ya kushindwa, na kwamba mkwe wake ni mmoja wao. Sidhani kama aliniamini. Nafikiri bangi angeielewa upesi zaidi.

Kichaa hicho nilikitoa Uholanzi. Kabla ya kuhamia Birmingham, sisi Wasomali tuliolelewa Kenya tulikuwa wengi kule, na mimi nilibahatika, kama ni bahati, kupata kazi katika karakana ya mashine za shamba kwenye mji mdogo ambako trekta zilipendwa kuliko watu. Fundi aliyenipokea alinifundisha kwamba kuvuta si nguvu za injini peke yake, ni uzito kukaa mahali pake. Lile tela lina mzigo juu yake unaosogea mbele kadiri unavyolivuta, nao unalikandamiza ardhini zaidi na zaidi mpaka trekta ikwame. Ukilifikisha mwisho wa njia bila kukwama, umefaulu. Safari nzima mzigo unavuta mkia wa trekta chini, na pua inataka kupaa. Basi unatundika vyuma mbele ili pua itulie. Ukizidisha vya mbele, magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko, yanazunguka bure na kuchimba shimo. Ukipunguza mno, pua inapaa na usukani unakuwa pambo. Kati ya hayo mawili ndipo nilipokuwa nikiishi mimi kila kiangazi, na si mahali pa raha.

Trekta yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mzee Mwingereza aliyekuwa na karakana ya kuunga vyuma kule Digbeth, ambako niliajiriwa nilipofika Birmingham. Aliilaza kwenye banda nyuma ya Shard End, pale nyumba za halmashauri zinapokoma na mashamba yanapoanza. Ilikuwa trekta kuukuu ya bluu, ya umri wangu, na yeye aliipenda kwa namna ya watu wa kwao, yaani kwa kuitukana kila siku. Magoti yalipomkatalia kupanda kitini, alinitazama mimi. Nikamwambia mimi ni mtu wa vyuma, siendeshi. Lakini namjua mtu.

Mtu huyo tulikutana nje ya kituo cha mabasi ya mbali pale Digbeth, akigombana kwenye simu kwa Kiswahili. Mkongo, wa Kivu. Zamani alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, milimani, hadi vita vilipowafukuza wenye shamba na wafanyakazi pamoja. Birmingham ilimpa kazi ya kusukuma vitoroli vya mashuka machafu katika chumba cha kufulia cha hospitali moja upande wa Edgbaston. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anajua kuendesha chochote. Siku ya kwanza nilipompeleka bandani aliizunguka trekta ile, akaigusa boneti kwa kiganja, kisha akapanda. Alipowasha, uso wake ulibadilika hata mimi nikaona haya kumtazama. Akaniambia baadaye, tukisubiri basi, "Yaya, ku kazi banaambia tu mi nisukume. Huku banauliza: unaonaje? Miaka saba hakuna mutu aliniuliza naonaje."

Hilo neno "yaya" lilinikera mwezi mzima. Kwao yaya ni ndugu mkubwa, na mimi nilimzidi miaka mitatu, kwa hiyo alikuwa akiniheshimu. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto. Alikuwa akiniita hivyo kwa sauti mbele ya Wakenya wenzangu sokoni, nao wakawa wananiuliza kama watoto wamelala. Nilimweleza, akacheka mpaka akakaa chini, na hakuacha. Lakini tangu siku ile akawa mwangalifu nami. Akijua neno la kwao litanipotosha, alitafuta la kwetu. Mimi nikaona mambo ya lugha tumeyamaliza. Tuliyamaliza vizuri kama mtu anayefagia uwanja upepo ukivuma.

Kilichobaki tukagombania vyuma. Vilikuwa na umbo la mkoba wa safari, na mpini juu, kila kimoja kizito kama mtoto wa darasa la saba asiyetaka kwenda shule. Mbele nilitundika sita. Hatukuweza kuongeza tu ovyo, kwa sababu trekta hupimwa kwenye mizani kabla ya kushindana na ukizidi kiwango unarudishwa nyumbani. Unachoweza ni kuhamisha: utoe mbele, uweke nyuma. Yeye alitaka tupunguze vya mbele. Mimi nilisema sita ni sita, tatizo ni upepo wa magurudumu. Uholanzi nilishaona trekta ikisimama kwa miguu ya nyuma kama beberu, dereva ananing'inia, na sikutaka kuona hilo tena kwa mtu ninayekula naye.

Kila baada ya mashindano tulikwenda kusoma udongo. Ile ndiyo namna ya kujua. Unafuata alama ya magurudumu ya mbele: ikiwa imechora mstari mmoja usiokatika mpaka mwisho, pua ni nzito. Ikiwa imetoweka mapema, pua ni nyepesi. Ikija na kupotea, kuja na kupotea, umepatia. Mstari wetu haukukatika kiangazi chote. Yeye alikuwa akiuonyesha kwa kidole, na mimi nilikuwa nikitazama magurudumu ya nyuma na kusema upepo, ni upepo. Tulirudi kwenye basi kila mmoja amekaa kiti chake.

Mwezi wa Agosti mzee akatuita ofisini kwake, chumba kilichojaa vikombe visivyooshwa. Akasema mtoto wake anataka banda. Akasema trekta imechoka, kama yeye. Tutakwenda mashindano ya mwisho ya msimu, mwezi wa Septemba, na ikifika mwisho wa njia mara moja tu, hata mara moja, ataiweka mwaka mwingine na banda litasubiri. Isipofika, anauza. Hakusema kwa ukali. Yule ndugu yangu Mkongo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu, na nje mlangoni akaniambia, "Basi ni siku moja." Nikamwambia ndiyo, ni siku moja.

Siku moja hiyo ikaangukia ndani ya Ramadhani. Sitaki kusikia mtu akisema funga haimbadilishi mtu hasira. Mimi inanibadilisha, Mungu anisamehe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, uwanja umekuwa matope, Waingereza wamevaa mabuti na wanakula mikate yenye nyama ya nguruwe tangu asubuhi, moshi wake unakufuata popote unaposimama. Nilibeba vile vyuma kutoka kwenye gari hadi kwenye trekta na ulimi wangu ulikuwa mkavu kama gunia. Na kwa mara ya kwanza ndugu yangu alikuwa amekuja na watu wake. Mke wake alitoka kanisani mapema, bado amevaa kitenge cha kwaya, na watoto wamesimama nyuma ya kamba. Binti yake mkubwa, wa kuzaliwa huku, alikuwa anawaelezea watu wasiomjua, kwa Kiingereza cha Birmingham kabisa, kwamba huyo aliye juu ni baba yake.

Kila trekta ilipewa nafasi mbili. Ya kwanza tulikwenda na sita, kwa sababu nilisimamia hapo na mzee aliniachia. Ilianza vizuri. Ilipita nusu, ikapita pale tulipozoea kufia, watu wakaanza kupiga kelele, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja yakirusha matope juu, ikalala. Zilibaki hatua chache, si nyingi. Nilikwenda kutazama udongo na hata kipofu angeuona ule mstari wa mbele, umenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Nikaona kweli pua ni nzito. Nilikasirika kwa kuwa aliyesema hivyo tangu Juni hakuwa mimi.

Tulikuwa na dakika chache tu kabla ya nafasi ya pili. Ndugu yangu hakushuka. Injini inanguruma, ana vizuia kelele masikioni, boneti inamfichia vyuma vya mbele. Mimi nimesimama mbele ya pua na spana mkononi. Akainama pembeni, akapaza sauti:

"Yaya! Mbele, tosha mbili! Weka ku nyuma!"

Sasa naomba msomaji anisikilize hapa, maana nimelieleza jambo hili mara nyingi na bado watu hunitazama vibaya. Miaka ile kwetu Kenya neno hilo lilikuwa kila mahali. Tangu uchaguzi wa miaka michache nyuma, mtu akikubali kitu husema "tosha." Mgombea fulani tosha. Chai hii tosha. Hata shangazi yangu Eldoret, nikimtumia picha za watoto, alijibu, "Hao tosha, msizae tena." Mimi niliposikia "mbele, tosha mbili," nilisikia Kiswahili safi: mbele, viwili vinatosha. Vinavyobaki weka nyuma.

Nikashtuka. Kutoka sita hadi viwili ni kichaa. Nikampigia kelele, "Mbili?"

"Mbili!"

"Una uhakika? Mbili tu?"

Akatoa vidole viwili, akavitikisa hewani, uso umekunjamana kwa haraka. "Mbili, yaya, mbili! Upesi!"

Niliwaza: leo ni leo. Kiangazi kizima mtu huyu ameniambia punguza, mimi nakataa, na udongo umemuunga mkono yeye. Yeye ndiye anayekaa juu. Nikalegeza komeo linalovishikilia, nikatoa cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kila kimoja nikakikimbiza nyuma kwenye matope, mgongo unalia, mate hamna, nikavitundika. Mzee alikuwa upande wa pili anaongea na waamuzi. Nilipomaliza niligonga gurudumu mara mbili, ndiyo ishara yetu, na yeye akainua dole gumba.

Iliondoka kwa kishindo. Sijawahi kuona magurudumu ya nyuma yakishika vile. Kisha pua ikaanza kwenda juu, polepole, kama mtu anayeinuka kwenye kiti, na haikurudi. Magurudumu ya mbele yakawa yanageuka kushoto na kulia hewani, hayashiki kitu. Alijaribu kuiongoza kwa breki. Ikaenda upande, ikavuka mstari mweupe, na mwamuzi akainua bendera nyekundu. Alipopunguza moto pua ilianguka chini kwa sauti iliyonifanya nifumbe macho. Kwa kipimo cha umbali hatukufika hata pale tulipofia mara ya kwanza. Watu walipiga makofi kwa adabu, ile adabu yao inayouma kuliko kuzomewa.

Alishuka mzima, namshukuru Mungu. Akaja mbele, akaona vyuma viwili vinaning'inia pale peke yao, akasimama. Akageuka kwangu.

"Zingine ziko wapi?"

"Nyuma. Si umesema?"

"Mi nilisema tosha mbili!"

"Na ndiyo nimekuachia mbili!"

"Tosha mbili, inabakia ine! Nani alikuambia uache mbili?"

"Wewe! Umesema mbili tosha!"

"Tosha ni kutosha! Kutosha kitu, unakitosha, hakiko tena!"

"Tosha ni kutosha! Kitu kikitosha unaacha!"

Tulisimama kwenye matope, wanaume wawili wenye watoto, tukipigiana kelele neno moja lile lile. Mwamuzi akasogea akidhani tutapigana. Ni mke wake aliyefika kutoka kwenye kamba, ameinua kitenge kisichafuke, akatusikiliza kidogo, akaniuliza mimi kwa sauti ya chini, "Shemeji, kwenu mutu akiingia ndani, munamuambia afanye nini na viatu?"

Nikasema, "Avue."

"Sisi tunamuambia atoshe."

Hapo nikaelewa, na kuelewa hakukunipunguzia kitu. Nikamgeukia mumewe. "Lakini siku zote unaniambia 'toa.' Msimu mzima, toa hiki, toa kile. Kwa nini leo?"

"Ile nilikuwa naongea kama ninyi," akasema. "Leo sikukuwa na wakati ya kuongea kama ninyi."

Mtu akiharakishwa hurudi kwenye ulimi wa mama yake, na anayemsikiliza naye hurudi kwenye masikio ya mama yake. Naweza kukasirika na nani? Nilikasirika na wote. Nilikasirika naye kwa kutosema "ondoa," nikakasirika na Wakenya na siasa zao, nikakasirika na injini. Mzee alikuja akauliza nini kimetokea. Tukajaribu kumweleza kwa Kiingereza, tukikatizana, kwamba kuna neno, kwake yeye maana yake ni ondoa, kwangu maana yake imetosha, na kwamba vilitakiwa kubaki vinne. Alitusikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Akauliza, "Kwani si lugha moja?"

Tukasema ndiyo, ni moja.

Akatikisa kichwa. Ndugu yangu akamwomba nafasi nyingine, mashindano mengine popote, hata mbali, yuko tayari kulipa mafuta. Mzee akasema msimu umekwisha na ahadi ni ahadi, tena trekta imechoka, tumeona wenyewe. Binti wa ndugu yangu alikuwa ameacha kuwaeleza watu. Nilikwenda kutoa vile vinne vya nyuma, kimoja kimoja, na hakuna aliyenisaidia, wala sikutaka.

Mnunuzi alikuja mwezi wa Oktoba na lori kutoka upande wa mashambani, mtu mnene mwenye haya. Mzee alimwomba ndugu yangu aipandishe trekta kwenye lori, na yeye aliomba ruhusa kazini akaja. Aliipandisha taratibu, akazima, akashuka bila kuangalia nyuma. Yule mnunuzi akauliza kama kuna jambo anapaswa kujua. Mimi na ndugu yangu tukajibu kwa wakati mmoja, kwa Kiingereza: mbele weka vinne. Ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana mwaka mzima, na tulimpa mtu mwingine.

Kiangazi kilichofuata mzee alinisimamisha karakanani akiwa amefurahi kama mtoto. Mnunuzi alikuwa amempigia simu. Trekta ilikuwa imefika mwisho wa njia, mashindano ya kwanza kabisa, na vyuma vinne mbele. Alinipiga bega, akasema tulikuwa sahihi, nimwambie na rafiki yangu. Nilisema asante. Ndani yangu nilikuwa nimetamani muda wote ishindwe na huko pia, iwe kweli ilikuwa imechoka, nipumzike. Sasa ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima siku zote.

Nilimngoja ndugu yangu nje ya hospitali yao, atoke zamu. Nilimweleza tukitembea kuelekea kituo cha basi. Alisikiliza akiangalia chini.

"Na vyuma ine?" akauliza.

"Vinne."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na nani alikuwa ku kiti?"

Mzee alikuwa ameniambia. Ni mkwe wa yule mnunuzi, karani wa benki, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha trekta.

"Sikuuliza," nikamwambia, na basi likaja.